Mzee Wenceslaus Burito na Majoho ya Pinki ya Nyamweru

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Wenceslaus Burito, Afisa Misitu wa Kituo cha Msitu wa Nyamweru, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Miaka yote hiyo amekitumikia kilima kimoja. Wenzake walihamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena. Yeye alibaki palepale, kwa sababu kila bosi aliyekuja kumhamisha alimkuta katikati ya maelezo kuhusu udongo, na ikaonekana si adabu kumkatisha.

Siku hii ameisubiri kwa hamu kuliko wastaafu wengi. Wengine husubiri kupumzika. Mzee Wence, kama tunavyomwita kituoni, anasubiri msamaha wa mke wake, Mama Petronila, aliyetangaza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kwamba atamsamehe siku akistaafu, si siku moja kabla. Tutafika huko. Kwanza tumfahamu mstaafu, hasa kwa faida ya wageni wa kutoka Musoma na Bunda ambao hawajawahi kubanana naye kwenye kiti cha mbele cha gari la ofisi.

Mzee Wence ni mzaliwa wa Bugwema. Aliripoti hapa, upande huu wa Buswahili, mwaka 1991, kijana mwembamba kutoka chuo cha misitu mwenye sanduku la bati, godoro lililokunjwa na chupa ya siki. Sanduku limeshaoza na wembamba umeondoka. Chupa ya siki bado iko mfukoni, na asiyeamini amkumbatie vizuri wakati wa kutoa zawadi.

Siki ni kwa ajili ya mawe. Jiwe la chokaa likidondoshewa siki hutoa povu na kutoa sauti ndogo ya kuchemka, na Mzee Wence hulisogezea sikio kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi. Hakuna jiwe alilolipita bila kulionjesha. Ameonjesha kuta za ofisi, mnara wa mpaka, na ngazi za nyumba moja ya wageni pale Musoma, ambako aliombwa kwa upole asirudi.

Aliwahi kufanya hivyo hata siku ya posa. Alikwenda Butiama kwa kina Petronila na mshenga wake, akakalishwa uani huku wazee wakizungumza, macho yake yakatua kwenye jiwe jeupe la kizingiti cha jiko la mama mkwe. Wazee waligeuka wakamkuta amepiga magoti mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mkwe hatakiwi hata kukohoa, anadondosha kitu kutoka kwenye chupa na kulisikiliza jiwe. Mazungumzo yalisimama. Mshenga alijieleza mpaka shati likalowa kwamba kijana haweki dawa, anapima. Aliyeokoa posa ile ni Petronila mwenyewe, aliyetoka jikoni akauliza jiwe limesema nini. Mzee Wence anasema ndipo alipojua amepata mke.

Kilima cha Nyamweru nacho kinahitaji maelezo, na kwa kuwa leo Mzee Wence amekatazwa kushika maikrofoni, nitayatoa mimi kwa ufupi. Kilima chote ni jiwe la chokaa. Juu yake udongo ni mweusi, mzuri, wenye rutuba, lakini mwembamba; yeye huuita ukoko, kwa sababu umeshika jiwe kama ukoko wa ugali ulivyoshika sufuria. Penye nyufa udongo huo umeshuka chini sana, na humo ndimo mikuyu, mikwaju na mizeituni ya porini ilimoingiza mizizi yake. Ukitazama kwa mbali utadhani miti imeota juu ya mawe matupu. Konokono ni wengi kupita kiasi, maana chokaa ya kujengea nyumba zao wanaipata bure. Gari la kituo limeshasimama mara nyingi kupisha konokono, na dereva wetu Dotto ameshazoea kuzima injini na kula mahindi yake.

Jambo kubwa la kilima hiki ni kwamba mvua haikai. Majani na udongo huipokea, nyufa huimeza, na baada ya muda mfupi huoni hata dimbwi. Kuna shimo moja refu katikati ya msitu ambalo wachungaji huliita Koo, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha linameza vijito vyote na halijawahi kutapika. Juu ya Nyamweru hakuna kijito wala kisima. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoleta balaa.

Nisije nikaonekana namsifia tu, niseme pia habari za misonobari. Mwaka wake wa tatu kituo kiliagizwa kupanda misonobari kilimani. Miche ikageuka njano. Mzee Wence aliikagua, akatangaza kwa sauti ya daktari kwamba ina upungufu wa madini ya chuma, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Tiba yake ndiyo iliyokuwa ya ajabu. Aliagiza kila mtumishi alete chuma chenye kutu kizikwe kwenye mizizi. Watu wakaleta misumari, majembe yaliyokatika, minyororo, na mlinzi mmoja akaleta baiskeli nzima, nadhani kwa kuficha jambo. Misonobari yote ikafa. Baadaye Mzee Wence alijifunza kwamba chuma kilikuwamo udongoni tangu mwanzo, ila chokaa ilikuwa imekifunga mti usiweze kukinyonya, na tangu hapo husema misonobari ile ilikufa njaa mezani. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe katika kila semina, akicheka kuliko wanaosikiliza. Mwaka jana nilikuwa nachimba shimo la mche nikatoa pedeli.

Sasa tufike kwenye mwaka 2012, ambao ndio mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mwaka huo alikuja mwekezaji, jina halina haja, aliyetaka kuchoma chokaa Nyamweru. Chokaa huchomwa kwa kupasua jiwe na kuliunguza kwa kuni, na kilima chetu kilikuwa na vyote viwili. Aliahidi kupaka chokaa shule, zahanati na nyumba ya kila mtu atakayekubali. Mwenyekiti wa kijiji wakati huo, Mzee Enoka, ambaye leo amekaa mstari wa mbele na naona ameshaanza kujikuna, alilipenda wazo hilo sana. Kijiji kizima kililipenda. Mkutano mkuu ulipangwa ufanyike baada ya Krismasi, na kila mtu alijua mikono itapandishwa.

Mzee Wence alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza kwamba chemchemi ya kijiji, tunayokunywa wote sisi na mifugo, inatoka kilimani. Ukiondoa miti na ukoko, alisema, mvua itaporomoka na tope badala ya kumezwa taratibu, na ukipasua jiwe hujui umeziba mshipa gani. Watu walimsikiliza kwa heshima kwa sababu ni mtu wa watu. Hawakumwamini hata kidogo. Mzee Enoka alimjibu mbele ya umati pale mnadani: "Burito, wewe ni rafiki yangu. Lakini kule juu hata mbuzi anaendaga na maji yake. Hayo maji ya kutuletea sisi yatatoka wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Wence naye alicheka, ila siku ile alirudi ofisini akaweka chupa ya siki mezani na hakuongea mpaka jioni. Sikuwa nimewahi kumwona amenyamaza, na nilidhani anaumwa malaria. Kumbe aliogopa. Msitu ule ukienda, chemchemi ingeweza kwenda nao, na hakuwa na namna ya kuonyesha kitu kinachopita ndani ya jiwe.

Namna aliipata Musoma, sokoni, kwa mama anayesuka vikapu vya katani. Mama huyo alikuwa na rangi ya unga ya kuchovyea katani, pinki kali inayoonekana hata ukifumba macho. Mzee Wence aliuliza inatosha kiasi gani. Mama akamwambia kijiko kimoja kwa ndoo. Mzee Wence alipiga hesabu ya ukubwa wa kilima, akanunua mkebe mzima.

Mpango wake ulikuwa mzuri kama mipango yake yote. Angemwaga rangi kwenye Koo, na ikitokea kwenye chemchemi, basi ubishi umekwisha. Alikadiria kwamba maji ndani ya mwamba hayana haraka, yangechukua kama wiki tatu, yaani yangefika karibu na mkutano. Tena aliamua asimwambie mtu yeyote, wala mimi, wala Dotto, wala mke wake, ili asije mtu akasema ameona rangi kwa kuwa ameambiwa aione. Hiyo ndiyo sayansi, alituambia baadaye. Mama Petronila ana jina lingine la jambo hilo.

Akamwaga Ijumaa mchana. Usiku mvua ikanyesha ya kumwagika, Koo likameza, na Jumamosi asubuhi kijiji kikaendelea na shughuli zake.

Hapa wageni wanapaswa kujua tunavyofua. Maji yetu yana chokaa nyingi. Birika huota ganda jeupe ndani, na sabuni haitoi povu mpaka uisugue kwa hasira; inaacha utando unaokwama kwenye nguo. Kwa hiyo nguo nzuri za Nyamweru hazisuuzwi kwenye beseni. Zinalazwa kwenye mkondo chini ya chemchemi, zinawekewa mawe juu zisiondoke, na maji yanaipitia mikunjo ya kitambaa kwa muda mrefu, huku wenye nguo wakienda kufanya mambo mengine.

Jumamosi ile nguo nzuri zilikuwa majoho mapya ya kwaya ya kigango. Yalikuwa meupe kama maziwa, yameshonwa kwa ajili ya padre mgeni aliyetarajiwa kesho yake. Mama Petronila, mwalimu wa kwaya, aliyalaza mwenyewe mkondoni, akayawekea mawe, kisha akawapeleka waimbaji kanisani kwenye mazoezi. Waliimba asubuhi nzima. Waliporudi, majoho yote yalikuwa pinki.

Si pinki ya kusema labda ni kivuli. Mkondo ulikuwa pinki, majoho pinki, na ng'ombe wa mfugaji Ngusa waliokuwa wakinywa chini kidogo walinyanyua vichwa wakiwa na midomo ya pinki, wote, kama kikundi cha kina mama wanaokwenda harusini. Wengine walikimbilia kwa katekista. Wengine walikwenda kwa babu mmoja ambaye si katekista. Ngusa alisimama akamwangalia fahali wake, akasema kwa uchungu: "Huyu nilikuwaga namtegemea mnada wa Bunda. Sasa nani atamchukua, amepaka lipstiki?"

Ndipo Mzee Wence akatokea kwenye kona ya njia. Alikuwa amekuja kuangalia tu, bila matumaini. Alipoona mkondo, mtu yule mzima, afisa wa serikali, alirusha kofia akaanza kucheza. Alicheza kwa miguu, akacheza kwa mabega, akamkumbatia Ngusa, akataka kumkumbatia na fahali. Alikuwa akirudia neno moja tu, kwamba imetoka, imetoka. Wanakwaya walisimama wamebeba majoho yanayochuruzika, wakimtazama. Mama Petronila hakutazama uso wake. Alitazama mikono yake, iliyokuwa pinki hadi kwenye viwiko.

Nitaruka yaliyosemwa hapo, kwa kuwa kuna watoto ukumbini.

Jumapili kwaya haikuwa na nguo nyingine ya sare, na Mama Petronila si mtu wa kuahirisha misa. Waliingia na pinki. Padre mgeni alipowaona alisimama kidogo, akafurahi kupita kiasi, akawapongeza mbele ya waumini wote. Ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio, Jumapili ya furaha, ambayo rangi yake ya liturujia ni waridi, na alisema katika kuzunguka kwake kote hajawahi kukuta kigango cha kijijini kilichojishughulisha kiasi hicho. Aliuliza ni nani aliyetoa wazo. Mzee Wence, kwenye benchi la nyuma, alianza kunyanyua mkono. Nilimkalia.

Mkutano ulifika. Mwekezaji alileta soda. Mzee Wence alipewa nafasi, akaanza kueleza nyufa, mishipa na ukoko, na nikaona watu wanaanza kutazama soda. Nilijua tumeshindwa. Hapo kwaya nzima, waliokuwa wamekaa pamoja, wakasimama, na chini ya makoti na vitenge walikuwa wamevaa yale majoho. Hakuna aliyekuwa amemwambia Mzee Wence. Mama Petronila alipita mbele.

Maneno yake nayakumbuka yote, na katibu wa kijiji aliyaandika vilevile. "Mimi huyu mwanaume amenitia aibu, na sijamsamehe. Nitamsamehe siku akistaafu, maana kabla ya hapo atarudia. Lakini niangalieni. Hii rangi aliimwaga kule juu kwenye Koo, na kesho yake imenikuta huku chini kwenye joho. Sasa hao wa chokaa, wakimwaga mafuta yao, wakimwaga majivu, wakakata na miti, hivyo vitatukutaga wapi? Si kwenye ndoo zetu? Mnataka shule nyeupe, watoto wanywe nini?"

Alirudi akakaa. Hakuna aliyegusa soda. Mzee Enoka alimtazama Ngusa, Ngusa akatazama chini. Kisha mwenyekiti mwenyewe akawa wa kwanza kunyanyua mkono kukataa, na mikono mingine ikafuata mpaka nyuma kabisa kwenye mti wanakofungiwa punda. Nililia, na siombi radhi.

Mzee Wence hakulia. Alikuwa anamtazama mke wake kama alivyomtazama siku ile ya jiwe la kizingiti, nadhani, ingawa mimi sikuwepo.

Tangu wakati huo msitu umebaki, na chemchemi haijakauka hata kiangazi kile kibaya ambacho visima vya jirani vilikauka. Mzee Wence aliongoza ujenzi wa uzio kuzunguka Koo, akafundisha wachungaji na wanafunzi, akaanzisha kitalu cha miti ya asili ninachokisimamia mimi, na kila mgeni wa serikali aliyekuja alipelekwa shimoni kusikiliza maji. Penye uzio kuna bango lililotolewa na serikali ya kijiji kwa kauli moja. Limeandikwa: NI MARUFUKU KUMWAGA KITU CHOCHOTE HAPA, NA WEWE BURITO.

Kilichobaki ni msamaha. Mama Petronila ameishi na Mzee Wence vizuri, amempikia, amemuuguza, amecheka naye, na wamesomesha watoto pamoja. Ila kwa jambo la majoho hakulegea. Kila Krismasi Mzee Wence aliuliza kama bado. Mama Petronila alimuuliza kama ameshastaafu. Akisema hapana, mazungumzo yaliishia hapo na chai ikaendelea. Majoho yenyewe rangi haikutoka kwa sabuni, kwa jua, wala kwa ndimu. Kwaya ilishona mengine, na Mama Petronila alimwambia mumewe kwamba yale ya zamani ameyakata vipande vya kudekia. Mzee Wence aliamini. Nimemwona akikagua matambara ya kudekia ya ofisi, ya kanisa na ya zahanati kwa miaka, akitafuta hata kipande kimoja chenye rangi, bila kusema anatafuta nini. Ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu anayezungumza kuhusu kila kitu ana jambo moja linalomuuma ambalo hajaweza kulizungumza.

Kwa niaba ya watumishi wa kituo, wa sasa na waliotangulia, tunakushukuru Mzee Wence kwa udongo uliotuonjesha, kwa miti uliyoitetea, na kwa vyuma vyote tunavyoendelea kuvifukua. Tunakushukuru kwamba ulikosea mbele yetu bila kujificha, na ukapatia bila kutucheka. Nenda nyumbani ukaishi vizuri, ule ushibe, ulale mchana bila aibu, na afya ikutunze wewe na nyumba yako.

Mimi ninayesoma wasifu huu nimeombwa nifike hapa kabla kwaya iliyosimama nje ya mlango wa nyuma haijachoka. Mzee Wence, geuka. Majoho hayakukatwa. Mama Petronila aliyaweka kabatini, chini ya mashuka ya wageni, na jana ameyapiga pasi moja moja.

Rangi ulisema itachukua wiki tatu, ikatoka kesho yake. Msamaha umechukua karibu miaka kumi na mitatu. Hesabu zako hazijawahi kuwa sawa, mzee wetu, lakini na huu nao umetoka, na yule anayeuleta ndiye aliyetangulia mbele, amevaa pinki.

Happyness Elias
Kitalu cha Miche, Nyamweru